Zoezi la Unga Mweupe

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi, bibi afya wetu, kabebeshwa mzigo. Alhamisi kituo cha afya kitafanya zoezi: magaidi wametuma bahasha ya unga wenye vimelea vya kimeta, watu wanafanyaje? Mkaguzi atakuwepo. Likiharibika, Shangazi anavuliwa uongozi wa kikosi cha dharura. Maelekezo yote ni Kiingereza, anatafuta wa kuyatafsiri na kuandika tangazo. Akanitazama mimi? Thubutu! Akamtazama Binamu. Anayesoma Kiingereza kama anatafuna kokoto! Nikajitosa. Mimi, nisiyeweza kumsalimu muuza duka bila kutokwa jasho.

Jumanne, 4 Juni
Binamu anataka tangazo liseme tunajifunza kujikinga na barua yenye sumu. Maneno marefu kama foleni ya choo! Nimelikata: ZOEZI LA UNGA MWEUPE. ALHAMISI ASUBUHI, KITUO CHA AFYA. NJOONI WOTE. Binamu akauliza kama watu hawatalielewa vingine. Nikamwambia wivu ni kidonda. Moyoni. Kwa sauti nilisema "mm".

Jumatano, 5 Juni
Nimebandika, kofia hadi puani. Fundi cherehani akanidaka, akauliza kama mtu aje na chombo. Swali gani hilo? Nikakumbuka ndoo za kunawia. Nikaitikia kwa kichwa, nikatoka mbio.

Alhamisi, 6 Juni
Mtaa mzima! Ndoo, magunia, mikokoteni. Kikosi kikatoka na barakoa na mavazi meupe. Bibi mmoja akasifu: angalau safari hii wagawaji ni wasafi. Bahasha ya chaki iliyosagwa ikawekwa mezani. Fundi cherehani akabinua mdomo, ndo hicho tu? Akachovya kidole, akaonja. Akapiga yowe kwamba unga umechakachuliwa!

Shangazi akanisukumia kipaza sauti. "Waambie, mwanangu! Si wa kula!"

Nikafungua mdomo. Nikatoa "khh". Watu wakashangilia, wakidhani ugawaji umefunguliwa rasmi. Meza chini, miguu juu. Mkaguzi kaondoka na chaki hadi kwenye nyusi. Watu hawajui kusoma, lawama kwangu!

Ijumaa, 7 Juni
Mkaguzi kampa Shangazi nafasi moja tu ya kurudia, Jumatano ijayo. Ya mwisho. Shangazi macho mekundu, hakulala. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumwoshea kikombe chake. Kaniagiza niandike kwamba hakuna unga, wala hautakuwepo, basi. Binamu akanyoosha mkono achukue kalamu. Nikamuwahi! "Hakuna unga"! Hiyo ni lugha ya kufukuzia kuku. Vichwa maji hawa wanataka ufupi na adabu. Nimeshabandika kila kona kabla Shangazi hajasoma, asije akaharibu mtindo:

UNGA WA JANA UMEKWISHA. ZOEZI LITARUDIWA JUMATANO. WAHINI.