Walii Aliyepanda Gari la Harusi ya Watu

Leo aibu imenifuata mpaka mlangoni, na imekuja kwa gari. Nakuandikieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa mke wangu, maana yeye hutia chumvi.

Mnanijua, mimi ni mtu wa baiskeli. Chuoni baiskeli, msikitini baiskeli, mazikoni baiskeli. Leo ilikuwa nikahi ya Salha, binti wa marehemu kaka yangu, nyumbani kwao Chukwani. Hana baba, hana kaka. Mimi ami yake ndiye walii. Bila ya mimi, hapana ndoa. Nikatia nia ya kwenda na baiskeli.

Salha akanipigia simu.

"Ami, nakuomba, leo njoo na gari. Ukipanda baiskeli utafika umerowa jasho, na kanzu ina mafuta ya mnyororo."

"Mwanangu, baiskeli haijanichelewesha hata siku moja."

"Ami!"

Basi. Gari. Mwanangu Haji akaahidi kunifuata baada ya sala ya Alasiri. "Baba, unisubiri ndani," akasema.

Nikasali, nikavaa joho, nikajifukiza udi. (Nilipendeza, wacheni niseme.) Nikaona si uungwana kumsumbua Haji aingize gari kwenye vichochoro vyetu vya Kikwajuni. Nikatoka kumngojea barabarani. Baiskeli nikaiacha imeegemea mlango.

Mara ukaja msafara wa magari. La mbele likasimama. Ndani wamejaa wanaume wa kanzu, wananukia.

"Asalaam alaykum, Maalim! Wenda nikahini?"

"Naam."

"Ingia, twende sote!"

Nikaingia. (Mtu umevaa joho, wenzako wamevaa kanzu, utauliza nini tena?) Nikajua hawa ni watu wa upande wa bwana harusi, Haji kawaomba wanichukue. Nikafumba macho, nikavuta tasbihi. Nilipofumbua, tuko Amani, siyo njia ya Chukwani. Nikajiambia, labda nikahi imehamishiwa msikiti wa huku. (Subira ni njema. Lakini kuuliza nako si dhambi.)

Wakaniketisha mbele kabisa, kwa heshima ya ndevu. Sheikh wa kufungisha ndoa akauliza, "Walii yuko wapi?"

Nikasimama. "Mimi hapa."

Na mtu mwengine akasimama. Bwana mnene, kanishangaa.

"Wewe nani?"

"Mimi ami yake."

"Ami yake! Mimi nimemzaa, na ndugu kama wewe sina!"

Sheikh akaniinamia kwa upole. "Maalim, wewe unamwozesha nani?"

"Salha."

"Hapa anaolewa Raya."

Subhanallah! Kicheko kikaanzia safu ya nyuma, kikaja mbele kama "Amin" ya sala ya Ijumaa.

Nikatoa simu. Niliizima sauti tangu Alasiri. Nikampigia Haji.

"Baba, fungua mlango basi! Nimebisha hodi mpaka mkono unaniuma. Baiskeli naiona hapa, najua umo ndani!"

Nikakata simu. Magharibi inakaribia, bwana harusi wetu ameshakaa kwenye mkeka Chukwani, na walii yuko Amani kwenye harusi ya watu. Babake Raya akanionea huruma.

"Chukua gari la bwana harusi, Maalim. Ndilo lililo karibu. Kimbieni!"

Nikamshukuru, nikakimbia. Gari lenyewe limepambwa utepe na maua mpaka kwenye vioo. Dereva naye akapiga honi njia nzima.

Kufika Chukwani, wanawake wakaona utepe. Vigelegele! Asumini zikarushwa kwa mikono miwili. Mlango ukafunguliwa. Nikashuka mimi.

Asumini zikaniangukia usoni.

Kisha mke wangu, Bi Mwanaisha, akasogea mbele ya watu wote. "Mume wangu, tulikutuma ukaozeshe. Umekwenda kuoa?"

Hapo hata bwana harusi aliangua kicheko juu ya mkeka wake. Nikakaa, nikamshika mkono, nikamwozesha kabla ya adhana. Alhamdulillahi. Nilipoingia kumpongeza Salha, alikuwa amecheka mpaka wanja umemtiririka.

"Ami," akasema, "mbona umerowa jasho?"

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Baiskeli nimeikuta pale pale mlangoni, nami nimeiomba radhi. Nyinyi mnaotaka kucheka, ngojeni kwanza nimalize kutoa asumini kwenye ndevu.