Rekodi Namba 318

Jumatatu, 3 Machi
Kazi yangu: kuweka rekodi za zamani za redio mtandaoni. Msikilizaji anaandika namba, programu yangu inaiomba seva, seva inaleta sauti. Isipokuwapo, seva inajibu 404, yaani haipo. Leo imejibu hivyo mara arobaini! Mkaguzi, yule dada wa meza ya pili, kaziorodhesha zote mbele ya Bosi. Roho mbaya tu. Na Mama naye anaulizia 318: dakika tatu za marehemu Baba akimsalimu redioni, mwaka waliooana. Nikamwambia iko njiani.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Seva ikisema haipo, programu inameza jibu na kuleta rekodi ya namba inayofuata. Nani atajua? Makosa: sifuri. Bosi kanipa mkono. Mkaguzi akasema kosa lililofichwa halijarekebishwa. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi kaona hakuna kinachokosekana mtandaoni, kaagiza kanda zote za zamani zichomwe, stoo iwe chumba cha mikutano. Maboksi nimebeba mwenyewe, napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama alivaa gauni lake zuri, akakaa kwenye kiti cha Baba. Nikabonyeza 318. Bwana mmoja akaanza kueleza namna ya kutibu kuku mafua. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu Baba anaanza lini.

Nikakagua seva. 318 haikuwahi kupakiwa. Kanda yake ilikuwa kwenye maboksi yale. Laiti ningeliacha lile 404 lionekane, Mkaguzi angeitafuta siku ileile. Najuta, najuta! Mama nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumapili, 9 Machi
Mama kaniita jikoni. Akasema kuambiwa haipo anaweza kustahimili, Baba mwenyewe alishamzika. Kinachomuuma ni mwanawe kumzungusha. Nikakiri yote. Nimelia mpaka kamasi. Nimeapa mbele yake: kuanzia leo kisichopo nitasema hakipo.

Saa kumi jioni. Ila ndugu wote husema sauti yangu ni ya Baba mtupu. Na kanda huwa zina nakala, nani asiyejua? Nimefunga dirisha, nimeshika maikrofoni. Mara ya tatu salamu zimetoka vizuri, hata kikohozi chake nimekiweka. Nimeshaipakia kwenye seva kwa namba 318. Nakwenda kumwita Mama.