Chupa Yangu na Chupa ya Sindano

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiunga! Kituo cha utafiti kinatafuta wavutaji sigara wa kujaribia dawa mpya. Ilianza kama dawa ya sonona, eti waliomeza wakachangamka na sigara wakazisahau. Mimi nimevuta miaka thelathini na moja. Wangempata wapi mwingine kama mimi?

Sababu hasa ni mjukuu. Ana wiki tano, kifua chake chepesi, na binti yangu amesema bila kupepesa macho kwamba baba hambebi mtoto mpaka aache moshi na kipimo cha pumzi kisome chini ya sita. Namwona kupitia dirisha tu, nampungia mkono. Inaniuma, sifichi.

Muuguzi akaeleza. Wengine watapata dawa, wengine vidonge vitupu, vinafanana kama pacha, na hata yeye hajui nani ana nini. Mimi chupa namba kumi na saba. Akanipa maelezo, kurasa tisa, niyasome ndipo nisaini. Nikasaini. Nakala yangu nimeikunja nikaisukumia chini ya mguu mfupi wa meza ninayotengenezea saa. Haitikisiki tena. Utafiti umeanza kuzaa matunda!

Jumanne, 4 Machi
Mkosi. Sindano naye amejiunga! Fundi cherehani, duka lake linatazamana na langu. Chupa namba kumi na nane. Kanyamaza kimya, hakuniambia neno. Na mimi sikumwambia, lakini hilo ni jambo jingine.

Alhamisi, 6 Machi
Sindano anapiga mluzi. Mtu aliyenuna miaka yote! Kaanza asubuhi, hadi tunafunga maduka yumo tu. Mimi nimemfokea mteja na nimetafuna kalamu tatu. Sijavuta, lakini kwa mbinde.

Mambo yako wazi. Yeye kalamba dume, mimi nimepewa unga. Nimekitafuna kidonge kimoja nihakikishe. Ladha ya chaki. Mke wangu ni mwalimu, nikachukua chaki yake nikaing'ata nilinganishe. Ndiyo yenyewe! Akauliza mbona midomo myeupe. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya kweli! Nimempelekea Sindano suruali aipunguze kiunoni. Chupa yake anaiweka droo ya vifungo, nilishachungulia. Alipoinama kuokota futi, nikavuta droo, nikamimina vidonge vyake mfukoni, vyangu nikavitia chupani mwake. Vingine vilimwagika humo drooni, nikavizoa haraka haraka. Nikatoka huku nimejitia hamnazo. Roho juu juu!

Jioni nikameza kimoja. Kigumu, kikanikwama kooni, nikashushia maji glasi mbili. Dawa ya kweli utaijua tu.

Jumamosi, 8 Machi
Ajabu! Mwili mwepesi. Hamu ya sigara sina. Kwenye fomu ya hali ya moyo, sifuri mpaka kumi, nimejipa kumi na moja. Nimepiga mluzi asubuhi nzima. Mke wangu alikimbilia jikoni, akadhani birika linachemka.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya kuhesabiwa vidonge. Muuguzi akamimina chupa yangu kwenye sinia. Akahesabu. Akasita. Akaokota kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa na matundu manne.

Vifungo vya shati! Vitatu! Sindano, aliyekuwa benchi la nyuma, akaruka akasema ni vyake, amevitafuta tangu Ijumaa, na vilikuwa vinne. Wote wawili wakanitazama tumbo.

Nikakiri yote. Muuguzi akasema anaripoti kwa daktari, na huenda tukatolewa. Nilinywea. Nikamwona akilini mjukuu wangu ananipungia yeye, ana miaka ishirini, bado dirishani.

Sindano naye akaropoka. Alipiga mluzi kwa sababu mdomo ulikuwa unawasha kwa hamu! Na aliponisikia nafokea wateja akajua dawa kali ninayo mimi. Eti alikuwa anapanga kuja kuniibia leo. Mwizi mkubwa!

Muuguzi akashika kichwa. Akafungua ukurasa wa tatu, ule ulio chini ya meza yangu, akatusomea polepole. Wiki ya kwanza ni ya kuzoea. Watu wote wanapewa vidonge vitupu.

Wote!

Akatupatia kifaa cha kupulizia kinachopima moshi. Binti yangu alitaka chini ya sita. Sindano akapata nne. Mimi tatu. Nimemshinda!

Jumanne, 11 Machi
Daktari ametuonya vikali, ametubakiza. Nikaenda moja kwa moja kwa binti yangu na karatasi ya kipimo. Akaisoma mara mbili, akanikabidhi mtoto. Mzito kuliko nilivyodhani. Akanishika kidole. Nimelia, basi. Mke wangu akalalamika kwamba ameletewa mke mwenza mwenye jino sifuri. Sijui siku nyingine niliyofurahi hivi.

Jumatano, 12 Machi
Wiki ya pili. Chupa mpya. Kuanzia sasa wengine wanapata dawa ya kweli, na hapo ndipo ninapopata mashaka. Unga umenitendea mema. Kwa nini nibahatishe?

Nimekitafuna kimoja. Kichungu! Ng'ambo, Sindano anapiga mluzi, kwa hiyo bado anawashwa, kwa hiyo yeye ndiye mwenye unga.

Kesho nampelekea ile suruali aipanue. Safari hii nitachagua vyenye matundu nivitoe.