Gari Letu Bado Halijakauka

Kwa Mheshimiwa Mwenye Karakana ya Kung'arisha Magari,

YAH: DAWA YA SERAMIKI MLIYOMPAKA MUME WANGU (samahani, mliyolipaka gari la mume wangu)

Pokea salamu zangu, na hongera kwa kazi nzuri. Mimi ni mke wa yule bwana wa idara ya maji aliyewaletea gari dogo la buluu mvua zilipoanza, akashinda kwenu kutwa nzima akizunguka nje ya mlango kama baba anayesubiri mtoto azaliwe. Naamini mnamkumbuka. Mtoto wetu alipozaliwa kweli, bwana huyo alikuja kesho yake.

Naandika kwa heshima zote kuuliza swali moja tu: hii dawa ya kulinda rangi ina faida, au haina? Jirani yetu mwenye duka la vipuri anasema ina faida sana, rangi haipauki, uchafu hausimami, gari linabaki jipya. Mimi sibishi. Gari letu ni jipya mno, hata kutumika halijatumika. Ndiyo maana nimeona nikupangie malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema mama wa watu anapayuka.

1. Gari hili lilinunuliwa kwa ajili ya mguu wa mama mkwe wangu. Alipatwa na kiharusi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuambia kinagaubaga: mama akihudhuria kliniki kila Jumanne na Ijumaa atatembea mwenyewe, akikosakosa mguu utakaza na ndiyo basi tena. Ukoo mzima ulijibana tukapata gari. Sasa fundi wako, Mungu ampe maisha marefu, alimwambia mume wangu gari lisiguswe na maji wiki moja ili dawa ishike. Maneno mazuri, mafupi, yanaeleweka. Mume wangu yeye akaelewa kwamba tone moja likidondoka, wiki inaanza upya. Na huu, mheshimiwa, ni msimu wa mvua. Tone linadondoka Jumatatu, anaanza kuhesabu. Linadondoka Alhamisi, anaanza tena. Kwa hesabu yake gari halijamaliza hata wiki yake ya kwanza, na mtoto wangu mdogo ameshaota meno mawili. Nilipojaribu kumweleza, aliniambia mimi ni fundi cherehani, nishike uzi wangu. Mtu anayekula mshahara wa maji huyo!

2. Kwa kuwa uani kunanyesha, gari limehamia barazani. Barazani ndipo nilipokuwa nashonea. Cherehani yangu sasa iko chumbani, baina ya kitanda na kabati, na wateja wangu nawapimia kwenye korido ya kwenda chooni. Juzi mama mmoja wa heshima zake alikuwa amenyoosha mikono nimpime kifua, mume wangu akapita na ndoo, akamwomba ajibane ukutani. Hakumwomba radhi. Kitambaa changu laini cha bitana, nilichokiweka kwa ajili ya gauni la bibi harusi, nilikikuta kinafuta kioo cha pembeni. Bibi harusi nimemwambia kitambaa kimechelewa bandarini.

3. Mtaani wameshampa jina. Anaitwa Bwana Usiguse. Watoto wetu wakipita barazani wanapita na mikono kichwani, kama wamekamatwa na polisi. Ndege naye akitua juu ya paa la nyumba, baba mzima anatoka na taulo kiunoni kumkemea. Nashukuru kwamba ndege hawajui kusema.

4. Mkongojo wa mama mkwe, mume wangu aliuvalisha soksi. Naam, soksi, ya shule, ya mtoto wa pili, na akaifunga kwa mpira ili chuma cha chini kisije kikakwaruza mlango siku mama atakapopanda. Mama huwa akiamka anaomba aketishwe barazani, kando ya gari, na kila asubuhi ananiuliza, "Mgonjwa mwenzangu ameamkaje?" Namjibu bado hajakauka. Tunacheka. Lakini kicheko chake kimepungua, na mguu wake nikiukanda nausikia unavyokaza. Hilo nalo mume wangu haliangalii, maana haling'ai.

5. Sasa hili la tano nitaliandika bila mzaha. Ijumaa iliyopita mume wangu alimtoa mama yake mwenyewe mpaka barabarani, chini ya mwavuli, kutafuta teksi ya kwenda kliniki. Mvua ikazidi. Akakumbuka kwamba bati la baraza linavuja juu ya boneti. Akamwambia mama asubiri kidogo, akarudi mbio nyumbani na mwavuli, akaufungua juu ya boneti, akaufunga kwa kamba usipeperuke. Mama alisimama kwenye mvua na soksi yake. Alipofikiwa alikuwa amelowa chapachapa, na zamu yake kliniki ilishapita. Tangu siku hiyo anakohoa. Nimekasirika, mheshimiwa, nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi hapa ninapoandika, na kama herufi zimelala upande ujue sababu.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri kwa kina, naleta maombi yafuatayo.

Mosi, mje muitoe dawa yenu. Yote. Muikwangue kwa jembe mkipenda.

Pili, kama haitoki, basi mpakeni mama mkwe. Nasema kwa dhati. Mmeandika ukutani kwenu kwamba dawa inakinga jua, mvua, vumbi na uzee. Mama anapatwa na vyote vinne, na ni wa zamani kuliko gari lolote mlilowahi kulishika. Akishang'aa, mwanawe naye atamfuta kwa kitambaa laini, atamkinga kwa mwavuli, na ndege hatamkaribia. Ikibaki kidogo nipakeni na mimi. Watoto waacheni, wao wachafu wanapendeza.

Tatu, mkishindwa yote hayo, andikeni cheti chenye mhuri kinachosema: GARI LIMEKAUKA. Mume wangu ni mtumishi wa ofisi. Mimi haniamini, mhuri anauamini.

Nasubiri majibu yenu nikiwa koridoni. Wasalimie mafundi wote, wake zao na waume zao. Msalimie na mhasibu. Na yule fundi aliyesema wiki moja msalimie kipekee, mwambie siku nyingine aseme "wiki moja tu, hata ikinyesha", kwa sauti, mara mbili, na mteja arudie.

Wako katika kulinda rangi,

Fundi cherehani wa barazani (zamani)

N.B. Barua hii sikuituma jana, na leo ni Ijumaa, na mvua imeamka nasi. Mume wangu alipokwenda kazini nilichukua ufunguo, maana leseni ninayo na niliipata kabla yake, nikauvua mkongojo ile soksi, nikampakia mama, nikamfikisha kliniki mapema. Mheshimiwa, yale maji! Kumbe ndivyo yalivyo? Yanatua kwenye boneti, yanajikunja vitone vitone, yanateleza yote kama yamefukuzwa. Mama alicheka mpaka akakohoa, akaniomba tuzunguke tena. Tulizunguka mtaa mzima, watu wakatoka madirishani. Nilijisikia, sikufichi.

Tulipofika nyumbani, mama alipokuwa akishuka, mkongojo uligusa mlango. Umeacha mstari mwembamba kama uzi. Nikamfokea. Nilimfokea mama mkwe wangu, mgonjwa, mvuani, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mume wangu, neno kwa neno. Mama amejikongoja mwenyewe mpaka barazani, hatua zake zote, bila kushikwa. Ameketi, na sasa ninapoandika ameinama anauvalisha mkongojo soksi bila kuambiwa na mtu.

Basi ombi la kwanza lifuteni. Mnisaidie hili: kesho asubuhi mna nafasi, kabla mume wangu hajauona ule mstari? Na tafadhali msimwambie kwamba gari limelowa, wiki itaanza upya.

Na je, mikongojo mnapaka?