Mahojiano na Mama Waiyego

Jumatatu, Juni 9

Mambo ni moto. Madam Eddah, mwalimu wetu wa utangazaji, ametangaza: kila mmoja atengeneze kipindi cha mahojiano, dakika kumi, kirushwe Ijumaa kwenye redio ya chuo. Ukifeli, unarudia muhula. Aliposema hivyo aliniangalia mimi. Kwani darasani niko peke yangu?

Kurudia siwezi. Mjomba Mabonga ndiye analipa karo, na ameapa: nikirudia, ananitoa chuoni, nakuja kuchomelea mageti kwenye karakana yake ya jua kali hapa Huruma. Ovaroli yangu ameshanunua. Ameitundika mlangoni niione nikitoka.

Mgeni wa kuhoji sina. Linet anaye. Linet wa Elgon View, mtaa wa matajiri, mwenye maikrofoni ya manyoya, namba moja kila mtihani. Nimemsikia akisema atamhoji Mama Waiyego wa Kapseret, aliyekuwa dereva wa trekta enzi zile wanaume wakimcheka. Hadithi tamu hivyo, aile peke yake? Hapana.

Jumanne, Juni 10

Nimemwambia Linet kwamba Mama Waiyego amesafiri harusini, harudi hadi wiki ijayo. Nimesema nimeambiwa na mtu wa boda. Linet akanishukuru! Akasema mimi ni mtu mzuri. Nikataka kujisikia vibaya. Ikapita.

Jumatano, Juni 11

Kapseret. Nimemwambia Mama Waiyego kwamba Linet ni mgonjwa, ndiye amenituma. Akauliza anaugua nini. Nikasema typhoid. Ndiyo ilikuja kwanza. Masikini, machozi yakamlengalenga.

Halafu chai. Ya maziwa matupu, na nduma juu. Huwezi kukataa. Mimi jicho kwenye simu tu, kwa maana ndiyo ya kurekodi, chaji ilikuwa imebaki kidogo, na stima zilipotea huko tangu asubuhi. Chai ikaisha. Mama akasema mtu wa redio haji kila siku, akaita majirani. Wakaja na viti vyao.

Akasema hatuwezi kuanza bila maombi. Sawa, nikawasha simu. Ombi fupi litapamba kipindi. Fupi? Wapi! Aliombea mvua, ng'ombe, serikali, wanafunzi wote, mpaka masafa ya redio yasiingiliwe na shetani. Chaji inashuka tu. Nani atamkatiza mama aliyefumba macho?

Amina. Nikafungua mdomo. Mama akasema kwanza wageni watambuliwe. Mzee wa mtaa akasimama, akasema neno. Mwenyekiti wa chama, neno. Mzee Ng'ang'a mwenye pikapu hakuwa na neno, akaambiwa asalimie tu, akasalimia sana. Mwishowe Mama akaketi, akajiweka sawa, akasema haya, tuje kwa trekta.

Simu ikazima. Zii!

Na ng'ombe wakawa wanalia, wanataka kukamuliwa. Akaniaga. Nimerudi na maombi matupu. Nimekwisha.

Alhamisi, Juni 12

Sijakwisha! Nimekatakata yale maombi kwenye kompyuta ya maktaba, nikaweka maswali yangu katikati. Nauliza: Mama, uliwezaje kazi ngumu hivyo? Yeye: ni kwa neema yako tu, Baba. Nauliza: nani alikufundisha kuendesha? Yeye: ni wewe Bwana, hakuna mwingine. Nauliza: na wale wanaume waliokucheka? Yeye: wasamehe!

Majibu hayo nimeyasikiliza mara tatu. Mimi ni kichwa. Kipande cha katikati sikukisikiliza vizuri, mkutubi alikuwa anafunga. Nimekabidhi hivyo hivyo.

Ijumaa, Juni 13

Darasa zima, redio ya chuo kwenye spika kubwa. Jibu la kwanza, Madam akatikisa kichwa kwa kuridhika. La pili, akaandika kitu. Nikaanza kupumua. Kisha nikasikia sauti yangu ikiuliza: Mama, siku za kwanza ulikuwa ukimfikiria nani?

Na Mama, kwa uchungu: mkumbuke binti yetu Linet, Bwana, pale kitandani, itoe hiyo typhoid tumboni mwake!

Vichwa vyote vikageuka. Linet akasimama, mzima wa afya kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Madam hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole kwamba sijahoji mtu, nimehoji maombi. Nafasi ya mwisho: Jumapili niende na Linet, tumwombe Mama msamaha, turekodi upya, Jumatatu kipindi kiwe mezani kwake. La sivyo, muhula. Linet alikubali, ingawa haniangalii. Tukutane stage ya matatu saa nane, akasema. Nyumbani, Mjomba alikuwa anapima ovaroli kama itanitosha.

Jumapili, Juni 15

Nimeenda mapema, peke yangu. Kwani nigawane alama na Linet?

Mama akauliza kama mtoto amepona. Nikasema amepona, maombi yalijibiwa. Haleluya! Akanikumbatia. Basi mbona hajaja? Hapo ukweli ulikuwa kwenye ulimi, nakuapia, ulikuwa pale pale.

Nikasema amefiwa na nyanya yake.

Mama akaweka chini ndoo ya maziwa. Akasema mtu hahojiwi mambo ya trekta wakati wenzake wako matangani. Tutaenda kwanza kuwafariji, kisha atanisimulia kila kitu huko huko. Akaita akina mama wa kanisa. Sukari, majani chai, unga, kuni. Mzee Ng'ang'a akaleta pikapu. Nikasema natangulia kuandaa familia.

Sasa nimekaa ng'ambo ya geti la kina Linet. Kumetulia, hakuna hata dalili ya msiba. Lakini sijashindwa! Nimempigia Wanyama wa kukodisha hema, yuko njiani na viti. Mlinzi nimemwambia ni sherehe ya kushtukiza. Linet yuko stage ananingoja, hiyo ni bahati.

Pikapu nasikia inapanda, akina mama wanaimba wimbo wa maziko. Kumebaki kitu kimoja tu: nyanya wa Linet amekaa barazani anaota jua. Nitamwomba kwa heshima aingie ndani kidogo.