Jinsi Nilivyomtia Fanueli Kwenye Kiingereza

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Mtaalamu wa maji amefika kutoka Ulaya, anaitwa Bwana Larsen, mrefu kama nguzo ya simu. Kaletwa kutengeneza ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Limejaa tope, linavuja ubavuni, na shamba langu liko mwisho kabisa wa mfereji. Maharage yangu yamekauka hadi naona aibu kupita na wageni.

Bwana hajui Kiswahili wala Chasu, lugha yetu. Mjumbe wa nyumba kumi kauliza nani anajua Kiingereza. Nikakohoa. Nina darasa la nane mimi!

Kuna kubwa zaidi. Mzee Loth, mgawa maji wetu tangu mimi ni mtoto, katangaza kwamba magoti yamemshinda. Jumapili tunachagua mwingine. Mgawa maji ndiye anayeamua nani afunguliwe na lini. Yaani maharage ya nani yaishi! Lazima niwe mimi. Kikwazo ni kimoja tu, jirani yangu Fanueli. Mpole, mchapakazi, hana adui. Watu wa namna hiyo ni hatari sana.

Jumanne, 6 Agosti

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, umeanza. Pembe imelia alfajiri, kila nyumba imetoa mtu na jembe lake. Mimi sina jembe. Nina Kiingereza.

Bwana Larsen ana ugonjwa mmoja, hasemi nani afanye. Mawe haya "can easily be moved". Ukingo ule "should preferably be finished" kabla ya vuli. Mawe yanaweza kuhamishwa kwa urahisi. Ukingo ingefaa zaidi umalizwe. Na nani? Hasemi! Mtendaji hayumo kabisa, lakini pale katikati hakosi kupenyeza neno la adabu: kwa urahisi, kwa uangalifu, kikamilifu. Hicho ni Kiingereza cha watu ambao mawe yao hubebwa na trekta.

Nikatafsiri kama kilivyo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeinuka. Mzee Loth akaniuliza, "Na nani, mwanangu?" Alikuwa na haki. Kwetu msaragambo hugawiwa kwa majina. Kazi isiyo na jina ni maongezi.

Hapo akili ikaniwaka. Nafasi iko tupu, na mkalimani ni mimi! Nikasema Bwana anataka mawe yabebwe na Fanueli. Fanueli kashangaa, katema mate viganjani, kabeba. Mchana, tope la mlango wa maji: Fanueli. Jioni, magogo ya ukingo: Fanueli. Hadi Jumapili atakuwa hoi kitandani, na mgonjwa hachaguliwi kugawa maji.

Nimekula makande sahani mbili. Mke wangu Justa kauliza nacheka nini peke yangu. Nimemwambia ni mambo ya Kiingereza.

Jumatano, 7 Agosti

Balaa! Kumbe yale maneno ya adabu!

Nilimtia Fanueli kwenye kila nafasi tupu, sawa. Lakini vikolezo vya Bwana nilivibeba vilevile, kwa mazoea ya shule. Basi watu wamesikia nini kutwa nzima? Mawe haya yatabebwa na Fanueli kwa urahisi. Ufa huu utazibwa na Fanueli kwa uangalifu. Magogo yatapangwa na Fanueli kikamilifu. Sasa kijiji kizima kinasema mgeni kafika juzi tu na tayari kamtambua mtu mwenye nguvu, mwangalifu na mkamilifu. Leo wanawake wamempigia vigelegele. Mzee Loth kampisha kwenye kigoda chake. Fanueli mwenyewe, badala ya kuwa hoi, kaanza kutembea kifua mbele. Jiwe alilolibeba leo lilipaswa kubebwa na watu watatu. Sifa hizo!

Mchana nikajaribu kurekebisha. Nikatangaza kwamba Bwana anasema mtaro utachimbwa na Fanueli kwa uzembe. Watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Loth kasema, tazameni, Bwana na Fanueli wameshakuwa watani.

Usiku Justa kaniuliza mbona Bwana hanitaji mimi hata mara moja, na niko ubavuni mwake tangu asubuhi. Nikasema mkalimani hajitaji. Kasema basi, kama hatajwi, hafanyi kazi. Hata usingizi hauji.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimebadili mbinu. Kama jina likisemwa na Bwana linapandisha mtu, basi lisemwe langu.

Nikangoja kikolezo kizuri. Bwana alikuwa anamenya ndizi, uso mkunjufu, akaelekeza kidole kule bwawani, akasema kitu "must be very carefully" hivi na hivi. Kwa uangalifu mkubwa! Sikungoja amalize. Nikapaza sauti: Bwana anasema kazi hii inahitaji uangalifu mkubwa, itafanywa na Hezroni!

Watu wakaniangalia kwa heshima ya kweli. Justa akatabasamu. Nikamgeukia Bwana kwa adabu, nikamwomba arudie mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuwa hivi: kuna tundu chini kabisa, chini ya tope, na lazima lipapaswe kwa mikono kwa uangalifu mkubwa.

Nimeingia. Tope lilikuwa la magoti, likawa la kiuno, likawa la kifua. Baridi! Na tundu sikuliona, maana tope lilikuwa limenishika miguu kama mdai wa karo. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, kwa Chasu na kwa Kiingereza. Aliyeruka ndani kunivuta ni nani? Fanueli. Kanivuta kwa urahisi. Halafu kainama pale pale niliposimama, kapapasa, kaliona tundu, kaliziba. Vigelegele vikasikika mpaka Kihurio kule bondeni.

Ijumaa, 9 Agosti

Bwana Larsen kaondoka. Kabla ya kupanda gari katoa hotuba, na ndani ya hotuba, Mungu ni mwema, likaja lile lile nililolisubiri. Maji "should always be fairly shared". Maji yagawanywe daima kwa haki. Nafasi tupu, pana kama mlango wa kanisa! Na vikolezo viwili vitamu kabisa, daima na kwa haki!

Nikasimama juu ya jiwe. Nikatangaza kwa sauti ya redio: Bwana anasema maji yagawanywe daima, kwa haki, na Hezroni.

Nikasikia mbuzi akitafuna.

Mzee Loth akanyanyuka polepole, akaniwekea mkono begani kwa huruma. "Hezroni mwanangu, tope la jana bado limo masikioni. Bwana atakuwa amesema Fanueli."

Nikageuka kumwomba Bwana arudie. Karudia, anatabasamu, anazungusha mkono kuonyesha watu wote. Mkono ukachoka, ukatua upande wa Fanueli. Wote wakasema aaah! Nilitamani lile tundu lifunguliwe tena nipotelee humo.

Jumamosi, 10 Agosti

Sabato. Kazi hairuhusiwi, na hila nazo ni kazi. Nimekaa kanisani. Mhubiri kasema juu ya ulimi kuwa kiungo kidogo. Nimemwonea huruma Fanueli, ambaye bila shaka ndiye aliyekuwa analengwa.

Jumapili, 11 Agosti

Uchaguzi. Mzee Loth kauliza nani amtaka Fanueli. Mikono yote juu. Nimegeuka nyuma nikamwona Justa. Kainua miwili! Nilipomuuliza, kasema mmoja ni wake, na mwingine ni wangu, kwa kuwa mimi siku zote nachelewa kufahamu. Nikainua wangu nisije nikaonekana peke yangu kama kisiki.

Fanueli kasimama kushukuru. Kasema bila mimi maneno ya Bwana yasingewafikia. Kasema nimemfikishia mpaka na asiyoyajua juu ya nafsi yake, kwamba ana nguvu hizo. Watu wakanipigia makofi. Makofi yale yameniuma kuliko tope. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na wivu, na njaa.

Jumatatu, 12 Agosti

Fanueli kaanza kazi. Kasema waliokaa mwisho wa mfereji wamevumilia miaka mingi, hivyo maji yaanze huko. Huko ni kwangu! Asubuhi yamefika shambani, mekundu, yanasukuma majani makavu mbele yake. Justa kavua viatu akaingia kati ya matuta akiimba. Maharage ni kama yaliinua vichwa.

Mimi sidanganyiki. Hakuna anayempa jirani maji ya kwanza bure. Anataka nimshukuru mbele za watu. Hila ya wazi kabisa! Sitashukuru.

Nimekaa nikatafakari kosa langu ni lipi. Nimelipata. Si uongo, maana hakuna aliyeugundua. Kosa ni kuchanganya majina. Ningelianza na langu tangu siku ya kwanza, leo mgawa maji ningekuwa mimi.

Na Mungu hamtupi mja wake. Jioni hii kapita Lekishon, mfugaji wa kule tambarare ya Same. Kasema Alhamisi anakuja mtaalamu wa mifugo, mzungu naye, na hawana mkalimani. Nimekubali papo hapo. Lekishon akaanza kunieleza kazi yenyewe, kwamba madume yote ya ng'ombe yatakusanywa zizini, kwamba Bwana anakuja na koleo kubwa la chuma la kuhasi, na kwamba wanatafutwa vijana sita wa kushikilia miguu. Sikungoja amalize. Kazi ni kazi. Kila Bwana atakaposema lazima kifanywe hiki au kile, na jina halimo, nitaweka la Hezroni, tangu dume la kwanza mpaka koleo lirudishwe garini.