Senene Kumi Kwenye Shingo ya Besi

Leo nimeaibika. Tena kanisani, mbele ya bibi yangu, na nimeamua kuandika mwenyewe kabla watu wa Izigo hawajawafikishia ile yao ya kutia chumvi.

Kwanza niseme nimekasirika. Nimekasirika sana! Mtu anachonga kwa wiki tatu, macho yanamtoka, halafu watu wazima na akili zao wanainama kwenye kazi yake na kuinusa. Hivi gitaa linanuswa?

Haya, twende taratibu. Mnajua mimi ni seremala, karakana yangu iko mjini, Bakoba, natengeneza vitanda na milango (na majeneza, sawa, na majeneza). Lakini moyo wangu uko kwenye magitaa. Nimeshatengeneza mawili. Moja liko ukutani kwangu, la pili lilipasuka lenyewe likiwa limepumzika kwenye kiti. Ndiyo maana nikisema mimi ni fundi magitaa, watu wa mjini wanakohoa.

Mwezi uliopita gitaa la besi la kwaya ya kwetu Izigo lilivunjika shingo. Mama Koku, mwalimu wa kwaya, akatangaza kuwa litapelekwa Kampala. Kampala! Mwana wa Izigo yupo, patasi anazo, halafu shingo ivuke mpaka kwenda kutengenezwa na watu tusiowajua! Nikampigia simu siku hiyo hiyo.

"Mama Koku, hiyo kazi nipe mimi."

Akauliza: "Mujuni, si wewe wa majeneza?"

"Nipe mimi, Mama."

"Haya waitu, mwanangu. Lakini tutalijaribu kwenye ibada, watu wakiwepo. Likikataa, Jumatatu yake linapanda basi."

Mnaelewa maana yake? Likikubali, mimi ni fundi magitaa, kwa ushahidi wa kanisa zima. Likikataa, nirudi kwenye majeneza yangu nikae kimya.

Sasa shingo ya besi inataka mti mkavu. Mkavu kweli, usiopinda ukivutwa na zile nyuzi nene. Mbao za dukani siku hizi unauziwa bado zinalia maji. Nikaenda Izigo kumsalimia Bibi, na kule nyuma ya jiko nikauona obwato wa marehemu babu. Kwa msio wa Kagera, obwato ni mtumbwi wa gogo moja, lakini hauendi ziwani. Ndizi mbivu zinakanyagwa humo kwa miguu zitoe juisi, na juisi ikilala humo na mtama wa kukaanga inaamka ikiwa rubisi. Pombe, kwa kifupi.

Huu wa babu ulikuwa umegeuzwa kifudifudi, kuku anataga chini yake. Mti wa muhumula mtupu, umekauka tangu sijazaliwa! Nilipokwangua ubavu kwa kisu, ikatoka rangi ya kahawia iliyoiva ambayo hakuna vanishi inayoweza kuitoa. (Sikujiuliza rangi hiyo imetoka wapi. Msinikumbushe.)

Bibi alikuwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Nilijua ameshaachana na mambo ya rubisi tangu achaguliwe kuwa katibu wao. Basi nikatoa msumeno, nikakata ubavu mmoja. Mmoja tu! Kuku mwenyewe hakulalamika. Na niulize jamani, ni nani anaomba ruhusa ya kukata kitu kinachotagiwa?

Nikauchonga. Ikatoka shingo nyembamba, laini, inayojaa mkononi vizuri. Na hapo ndipo nikafanya jambo ambalo Kampala hawaliwezi. Magitaa ya watu yana vidoa vyeupe shingoni, vya kumwonyesha mpigaji vidole viende wapi. Mimi nikasema vidoa vya nini, nitaweka senene, wale panzi wetu wa kuliwa! Nikachukua pembe ya ng'ombe, nikachonga senene kumi, mmoja mmoja, na miguu yao na vipapasio vyao vyembamba kama uzi. Kila mmoja nikamchimbia kishimo cha umbo lake kwa kipatasi nilichojitengenezea kwa msumari, nikampachika, nikapiga msasa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Yule wa kumi nilimrudia mara nne kwa sababu mguu wa nyuma ulikuwa unakatika. Nilimtukana, kisha nikamwomba radhi.

Harufu? Sikusikia harufu yoyote. Karakana yangu imepakana ukuta na kilabu cha pombe. Kama ilikuwepo harufu, kwangu ilikuwa ni hewa.

Vanishi nilipaka nyuma tu. Mbele sikupaka, kwa sababu mpigaji mwenyewe, Mwalimu Gideon, alisema vanishi inamnata vidole. Huyu Gideon anafundisha shule ya msingi, na kwa kuchukia pombe hana mpinzani wilaya nzima ya Muleba. Hata ukimpa juisi ya ndizi anauliza kwanza imelala siku ngapi.

Leo asubuhi nikapanda pikipiki, besi limefungwa kitenge cha mke wangu, mimi nimevaa suti. Nikafika. Gideon akalichukua, akalipiga mara moja tu. Duuum! Madirisha yakaitika. Gideon akacheka peke yake. Mimi nikaenda kukaa benchi la tatu, mahali ambapo mtu akitaka kunishukuru asipate shida.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Nawaambia ukweli, machozi yalinilenga. Mama Koku akanitafuta kwa macho, akaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, Kampala mbaki na mabasi yenu.

Wimbo wa pili ulikuwa mrefu. Jua limeshapanda, bati linawaka, Gideon anatoka jasho mpaka viganjani, na vidole vinasugua ule mti usio na vanishi kwenda juu na kushuka. Nikaona mwimba soprano wa mwisho anakunja pua. Kisha wa pili yake. Kisha Mzee Zakaria, mzee wa kanisa anayekaa karibu na kwaya, akainua kichwa, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika jikoni.

Wimbo ulipoisha akamwendea Gideon. Nilikaa karibu, nilisikia.

"Mwalimu. Umekunywa?"

"Mimi?" Gideon alibadilika rangi. "Mzee, mimi?"

"Inatoka kwako."

"Naapa mbele ya madhabahu!" Akapuliza pumzi usoni kwa Mzee Zakaria kama askari wa barabarani amemsimamisha. Mzee akatikisa kichwa, si mdomoni. Akamshika mkono, akaunusa. Akarudi nyuma hatua moja. Wakainama wote wawili juu ya shingo ya gitaa. Mama Koku akaja, akainama. Mchungaji akashuka, naye akainama.

Sasa nisikilizeni. Watu wanne, pamoja na Mchungaji, wameinama kwenye senene wangu. Mimi yale maneno ya kunywa niliyachukulia kuwa ni yao wenyewe. Nikajua kimoja tu, wameiona kazi! Hatimaye wameiona! Tena wananong'ona bila hata kunitaja jina! Hasira zikanipanda, nikasimama katikati ya ibada, na suti yangu, nikasema kwa sauti ya mtu anayedai haki:

"Hiyo kazi ni yangu! Asije mtu akasema imetoka nje! Na mti ni wa kwetu!"

Kanisa zima likageuka. Mchungaji akaniangalia kwa upole ule unaoogopesha.

"Mti gani, Mujuni?"

"Muhumula, Mchungaji!" (Najisikia kulia nikiandika hapa.) "Umetoka nyumbani kwa marehemu babu!"

Halafu kutoka benchi la akina mama nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Bibi alikuwa anasimama. Bibi akisimama huchukua muda, na muda wote huo mimi nilikuwa bado nimetabasamu.

"Nyumbani kwangu kuna muhumula gani?"

Nikaacha kutabasamu.

"Mujuni iwe! Umekata obwato bwange?"

"Bibi, ule si ulikuwa wa kuku..."

"Wa kuku! Mawe, mama yangu wee! Harusi ya binti wa shangazi yako si Jumamosi ijayo? Wakwe watakunywa nini? Watakunywa wimbo?"

Hapo akasikia alichokisema. Mimi nilimwona akikisikia. Katibu wa akina mama wa kanisa, mbele ya Mchungaji, mbele ya Mzee Zakaria, mbele ya Gideon aliyeshika gitaa kwa ncha za vidole.

Mchungaji akakohoa. "Bibi, huo obwato ni wa kazi gani?"

Bibi akanyoosha kitenge chake begani. "Wa juisi, Mchungaji."

Jamani. Kanisa lilicheka! Wapiga ngoma wakalalia ngoma. Mama mmoja alitolewa nje anapepewa. Mchungaji aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, akakaa huko muda mrefu kuliko sala. Na katika watu wote wale, hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyesema, "Lakini hawa senene ni wazuri."

Baada ya ibada Mama Koku akanivuta pembeni. Alijitahidi kutocheka, nampa hiyo.

"Sauti yake, Mujuni, sijawahi kuisikia. Nakwambia kweli."

"Basi liache, Mama! Nitapaka vanishi mbele, itaisha!"

"Mzee Zakaria amekataa. Na mimi siwezi kuwa na besi ambalo watu wakilisikiliza wanashikwa na kiu." Akanipiga piga begani. "Kesho linapanda basi. Shingo yako nenda nayo, waitu, kasinge."

Akanishukuru! Analipeleka Kampala, halafu ananishukuru!

Bibi naye alinisubiri mlangoni. Hakunisalimia. Alisema kabla ya Ijumaa anataka obwato ukiwa mzima, nikaurudishie ubavu wake. Nikamweleza kuwa ubavu sasa ni shingo, nimeuchonga, mwembamba, hauwezi kuziba pengo. Akasema kama niliweza kuutoa kwa akili zangu, niurudishe kwa akili hizo hizo. Gideon alipita na baiskeli akanipungia mkono, kisha akaunusa mkono wake tena.

Nimerudi Bakoba mchana huu nimekaa karakana, shingo iko mezani, na kwa mara ya kwanza nimeinama nikainusa mwenyewe. Ni kweli. Nimekoma.

Na wakati naandika haya simu ikaita. Mzee Zakaria! Nikajua anaomba msamaha. Alikuwa anaongea chini chini, kama yuko migombani.

"Mujuni, hivi obwato mzima unaweza kuchonga?"

"Mzee, mimi ni fundi magitaa."

"Ndiyo, ndiyo. Mmoja wa ukubwa wa kawaida. Ni wa juisi, unanielewa. Na kwenye ubavu uniwekee wale mende wako. Nimewapenda sana."

Senene, Mzee! Ni senene! Mteja pekee aliyewaona, na amewaita mende. Nimekubali hiyo kazi, naanza kesho, na hapo kwenye komenti nisione jino la mtu.